Breisi ya mgongo: inafanya nini kwa hisia ya mguso na usawa wa mwili?

Kati ya kila vijana 100 walio katika umri wa kubalehe, wawili au watatu wana uti wa mgongo uliopinda kuelekea upande kwa kiasi cha nyuzi 10 au zaidi. Wengi wao hawahitaji matibabu yoyote. Wachache, na wengi wa hao wachache ni wasichana, huambiwa na daktari kuwa watalazimika kuvaa breisi: gamba la plastiki ngumu linalobana kiwiliwili kuanzia chini ya makwapa hadi nyongani, kwa saa 18 au zaidi kila siku, pengine kwa miaka miwili au mitatu.

Wazazi huuliza kwanza iwapo kifaa hicho kitauzuia mgongo usiendelee kupinda. Watoto wenyewe, mara nyingi baada ya wiki ya kwanza, huuliza mambo mengine: kwa nini paja linakufa ganzi, kwa nini ngozi ya kiunoni haihisi kama zamani, na kwa nini wanapopanda ngazi huona kana kwamba wataanguka.

Maswali hayo ya watoto yamechunguzwa kidogo kuliko lile la wazazi wao, lakini hayana uzito mdogo. Mtoto anayeamini kuwa breisi inamyumbisha huivua pindi mzazi anapotoa mgongo, na idadi ya saa za kuivaa ndiyo inayoamua kama matibabu yatafaulu au la.

Si kibiongo

Maradhi haya huitwa skoliosisi, neno lililotokana na Kiyunani lenye maana ya kupinda, na lililoingizwa katika tiba na tabibu Galen katika karne ya pili. Katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa na kibiongo, lakini ni vitu viwili tofauti. Kibiongo ni mgongo unaotokeza nyuma, na katika Afrika Mashariki mara nyingi sababu yake imekuwa kifua kikuu kilichoshambulia pingili za mgongo. Skoliosisi huuvuta mgongo kwenda upande, na wakati huohuo pingili hujizungusha. Ndiyo maana mtoto akiinama mbele, mbavu za upande mmoja huinuka kuliko za upande wa pili. Kipimo hicho cha kuinama kilielezwa na daktari Mwingereza William Adams mwaka 1865, na hadi leo hakuna kipimo rahisi zaidi cha kuanzia, kwa kuwa hakihitaji chombo chochote ila jicho la mtu makini.

Kiasi cha kupinda hupimwa katika picha ya eksirei kwa njia iliyoelezwa mwaka 1948 na daktari wa mifupa wa Marekani, John Cobb. Kwa kawaida, mtoto ambaye bado anakua na mgongo wake umepinda kwa chini ya nyuzi 25 huangaliwa tu. Akiwa kati ya nyuzi 25 na 40 hupewa breisi. Ukivuka 45 au 50, madaktari huanza kuzungumzia upasuaji.

Katika takriban visa vinane kati ya kumi, chanzo hakijulikani. Haukuletwa na mkoba mzito wa shule, wala mtoto hakulala vibaya, wala hakuna mtu aliyemfanyia jambo. Inafaa kulisema hili mapema, kwa sababu akina mama wengi hujilaumu kwa miaka mingi bila kosa.

Gamba la chuma, gamba la plastiki

Kuubana mgongo uliopinda si wazo jipya. Katika karne ya 16, daktari mpasuaji wa Kifaransa, Ambroise Paré, alieleza koseti za chuma zilizotobolewa matundu ili zipungue uzito. Katika miaka ya 1940, mjini Milwaukee, Marekani, madaktari Walter Blount na Albert Schmidt walibuni breisi yenye vyuma vilivyopanda hadi shingoni na pete iliyoshikilia kidevu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mji wa Boston ulitoa breisi ya plastiki inayofichika chini ya nguo, na nchini Ufaransa Jacques Chêneau akatengeneza ya kwake iliyo na nafasi maalumu za kuuachia mwili usogee na kupumua. Breisi nyingi zinazovaliwa leo ni wajukuu wa hizo mbili za mwisho.

Zote hufanya kazi kwa kanuni moja. Plastiki husukuma mwili mahali palipotokeza, kisha huuzuia kwa sehemu mbili za upande wa pili, juu na chini. Nguvu hiyo haifiki kwenye pingili moja kwa moja. Hupita kwanza katika ngozi, mafuta, misuli na mbavu. Kwa hiyo kila saa ya matibabu ni saa ya ngozi kugandamizwa.

Kwa muda mrefu palikuwa na ubishi iwapo breisi ina faida yoyote. Ubishi huo ulipungua sana mwaka 2013, pale jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilipochapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika vituo 25 vya Marekani na Canada. Miongoni mwa vijana waliovaa breisi, asilimia 72 walimaliza kukua mgongo ukiwa haujafika nyuzi 50. Kwa walioangaliwa tu, ilikuwa asilimia 48. Ndani ya breisi palifichwa vipima joto vidogo vilivyoonyesha ni saa ngapi ilikuwa mwilini kweli, bila kutegemea maneno ya mtoto wala ya mama yake. Waliovaa kwa wastani wa saa 12.9 au zaidi kwa siku walifaulu kwa asilimia 90 hadi 93. Waliovaa chini ya saa sita walikuwa karibu sawa na wasiovaa kabisa.

Takwimu hizo ndizo zinazolipa uzito swali la ganzi na kuyumba.

Jinsi mwili unavyosimama

Mtu aliyesimama wima hatulii kamwe. Huyumba mbele na nyuma, kushoto na kulia, kwa masafa madogo asiyoyaona mwenyewe, na ubongo humrudisha kila mara. Msichana anayetoka kisimani na ndoo kichwani, mikono yake ikining'inia, hafanyi muujiza. Anapokea habari kutoka sehemu tatu kwa wakati mmoja: macho, sikio la ndani, na kundi la tatu ambalo watu wengi hawalijui, nalo ni hisia za ngozi pamoja na za misuli, kano na viungo.

Kundi hili la tatu lina kazi mbili zinazokamilishana. Ngozi ya nyayo hueleza uzito umeelemea wapi, kisiginoni au kwenye vidole. Misuli na kano hueleza kila kiungo kimekunjwa kiasi gani, hata gizani. Mtu anayeweza kugusa pua yake huku amefumba macho anaitumia hisia hiyo ya pili.

Ubongo hauzipi habari hizo uzito ulio sawa siku zote. Gizani hutegemea zaidi miguu. Juu ya mchanga laini wa pwani, nyayo zinapozama, hutegemea zaidi macho na sikio. Uwezo huu wa kupanga upya nani asikilizwe haukamiliki utotoni. Huendelea kukomaa hadi ujanani, katika miaka ileile ambayo skoliosisi hujitokeza na mwili hurefuka kwa kasi.

Watafiti wa Quebec, Canada, waliligusa jambo hilo katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006. Waliweka vitikisio kwenye kano za vifundo vya miguu, ili habari zinazotoka huko zivurugike. Vijana wenye skoliosisi waliyumba zaidi kuliko wenzao wenye migongo iliyonyooka, jambo linaloashiria kuwa walikuwa wakizitegemea mno habari za vifundo, na kwamba ilikuwa vigumu kwao kuhamia kwenye njia nyingine.

Je, mgongo uliopinda ndio uliowavuruga, au hitilafu katika hisia ndiyo iliyoupinda mgongo?

Jeni inayohusu mguso

Kwa miaka mingi swali hilo lilikuwa kama lile la kuku na yai. Katika muongo mmoja uliopita limeanza kupata mwanga, tena kutoka upande ambao madaktari wa mifupa hawakuutazamia.

Mwaka 2010, mwanasayansi Ardem Patapoutian na wenzake huko California, Marekani, walitangaza kugundua protini mbili zinazoziwezesha chembe za mwili kuhisi kusukumwa. Moja yao, PIEZO2, ndiyo mlango wa mguso mwepesi: ngozi ikiguswa, mlango hufunguka na habari huanza safari ya kwenda kwenye ubongo. Protini hiyohiyo inahitajika ili misuli itoe taarifa ya mkao wa viungo. Kwa kazi hiyo Patapoutian alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, pamoja na David Julius.

Kabla ya tuzo hiyo, mwaka 2016, madaktari wa taasisi za taifa za afya za Marekani walieleza habari za wagonjwa wawili, mtoto mmoja na kijana mmoja, waliozaliwa wakiwa na jeni ya PIEZO2 isiyofanya kazi. Walipofungwa macho hawakujua mikono yao iko wapi na hawakuweza kutembea bila kupepesuka. Na wote wawili walikuwa na skoliosisi.

Mwaka uliofuata, watafiti wa Taasisi ya Weizmann nchini Israel walionyesha kuwa panya wanaokosa hisia ya mkao wa misuli huzaliwa na migongo iliyonyooka, kisha migongo hiyo hupinda wanapofikia umri wa ujana, ingawa mifupa yenyewe haina kasoro. Mwaka 2020 kundi hilohilo liliondoa PIEZO2 katika mishipa ya fahamu inayohisi mkao, na migongo ya panya ikapinda. Walipoiondoa katika mifupa peke yake, haikupinda.

Hata kabla ya hapo, mwaka 2011, watafiti wa Japan walikuwa wameihusisha skoliosisi ya vijana na eneo lililo karibu na jeni iitwayo LBX1. Jeni hiyo hushiriki katika kujenga, mtoto akiwa bado tumboni, sehemu ya ugwe wa mgongo inayopokea hisia za mwili.

Hapa pana mtego. Haya hayamaanishi kwamba kila msichana mwenye mgongo uliopinda ana kasoro ya jeni au ngozi iliyokufa ganzi. Wale wagonjwa wawili wana hali adimu mno. Kijana wa kawaida mwenye skoliosisi, akipimwa kliniki, huonekana kuwa na hisia kamili. Kinachoonyeshwa ni kwamba mgongo hubaki umenyooka kwa sababu misuli huurekebisha mchana kutwa, na misuli hurekebisha kwa kufuata habari inazopewa. Kumvisha mtoto breisi ni kuziingilia habari hizo.

Breisi inapoingilia kati

Mgongo ni sehemu maskini kwa hisia ya mguso. Tangu karne ya 19, Mjerumani Ernst Weber alionyesha kuwa ncha mbili zinazougusa mwili kwa pamoja hutambuliwa kuwa ni mbili kwenye ncha ya kidole hata zikiachana kwa milimita mbili au tatu tu. Mgongoni lazima ziachane kwa takriban sentimita nne. Breisi basi huvalishwa mahali ambapo ngozi haina ufasaha mkubwa.

Siku za mwanzo mtoto huhisi kila ukingo wa plastiki. Baada ya siku kadhaa hausikii tena, kama mtu asivyoisikia saa aliyoivaa mkononi. Ngozi haijafa, ubongo umeacha kuisikiliza taarifa isiyobadilika. Huku si kupoteza hisia, na mzazi hana sababu ya kuingiwa na hofu.

Kuna waliotumaini kuwa breisi ingeweza hata kuongeza usawa wa mwili. Tumaini hilo lina msingi. Mwaka 1994, watafiti John Jeka na James Lackner wa Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, walionyesha kuwa mtu aliyefumba macho huyumba kidogo zaidi akigusa tu fimbo iliyosimama imara kwa ncha ya kidole, kwa nguvu ndogo kuliko uzito wa gramu 100. Nguvu hiyo haiwezi kumshikilia mtu asianguke. Inampa habari tu.

Lakini fimbo imesimama nje ya mwili. Breisi imefungwa mwilini na huyumba pamoja na mwenyewe, kwa hiyo haiwezi kumwambia kuwa anaelekea kuanguka. Inachoweza kumwambia ni namna kifua kilivyokaa juu ya nyonga: kila anapolegea upande mmoja, plastiki humgandamiza zaidi upande ule. Habari hiyo ina manufaa, ingawa si ileile.

Vipimo vya kuyumba hufanywa juu ya bamba linalorekodi uzito unavyohama chini ya nyayo. Mtoto husimama akiwa na breisi na bila breisi, macho wazi na macho yakiwa yamefumbwa, sakafuni na juu ya godoro la sponji. Uchunguzi mmoja wa wasichana uliochapishwa mwaka 2008 haukuona athari yoyote ya breisi katika kusimama. Mwingine ukaona nafuu ndogo katika hali fulani, mwingine ukaona tofauti isiyo na uzito. Kutopatana huko hakushangazi. Chunguzi hizi kwa kawaida huwa na watu wachache sana, breisi zao si za aina moja, na wengine hupimwa dakika chache baada ya kuivaa ilhali wengine wameizoea kwa miezi. Zaidi ya hayo, kusimama kimya juu ya bamba la maabara si sawa na kusimama ndani ya daladala.

Hata hivyo pana jambo moja ambalo mchanganyiko huo wa matokeo unaliruhusu lisemwe: hakuna ushahidi wa maana kwamba breisi huharibu uwezo wa kijana wa kusimama. Hofu kuwa kuivaa miaka miwili kutamwacha mtoto akipepesuka haina msingi.

Kinachobadilika kweli ni mwendo. Mtu akisukumwa kidogo hujirekebisha kwa vifundo vya miguu. Akisukumwa kwa nguvu, huinamisha kiwiliwili kwenye nyonga ili asianguke. Breisi hainyimi vifundo kazi yao, ila huzuia ile njia ya pili. Pia hupunguza mzunguko wa nyonga mtu anapotembea, na humzuia kuinama kutazama miguu yake. Hivyo mtoto anayesema kuwa ngazi zinamtisha anasema kweli, ingawa bamba la maabara halioni kitu. Haoni vizuri anapokanyaga, na kiwiliwili chake hakiwezi kujikunja haraka akijikwaa. Dawa yake ni ndogo: kushika kikingio cha ngazi kwa wiki za mwanzo, kupiga magoti badala ya kuinama anapookota kitu, na kukaa ndani ya basi badala ya kusimama. Wengi huzoea.

Ganzi ya paja

Upande mmoja ambako breisi inaweza kuathiri mguso waziwazi ni pajani, na malalamiko ya hapo hayafai kupuuzwa.

Mshipa wa fahamu unaohudumia ngozi ya upande wa nje wa paja hupita karibu sana na ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga. Ukingo wa chini wa breisi ukibana hapo, hasa mtoto akikaa darasani saa nyingi, mshipa hugandamizwa. Matokeo yake ni ganzi, mchomo kama wa sindano, au moto juu ya ngozi isiyo na jeraha. Mshipa huo hubeba hisia tu; hauhusiki na kuusogeza mguu. Kwa hiyo mguu haupotezi nguvu, na hiyo ndiyo alama ya kuitofautisha hali hii na nyingine zilizo mbaya zaidi. Aghalabu fundi hupunguza ukingo wa plastiki au huipasha moto na kuipanua, na hisia hurejea.

Namna ya kupima inafahamika Afrika Mashariki, kwa sababu nyingine kabisa. Nyuzi za nailoni zinazotumiwa katika kliniki za ukoma na za kisukari, zile zinazogusishwa kwenye ngozi hadi zipinde, hufaa vilevile kupima paja la kijana anayevaa breisi. Mhudumu hugusa paja moja na kisha la pili, mtoto akiwa amefumba macho, na kulinganisha.

Ngozi yenyewe inahitaji kutazamwa kila siku. Vitabu vingi vya maelekezo, vilivyoandikwa Ulaya na Marekani, humwambia mzazi aangalie wekundu unaobaki zaidi ya nusu saa baada ya breisi kuvuliwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Badala yake pahali palipogandamizwa huwa peusi zaidi au pang'aavu, pana joto kuliko ngozi ya jirani, pagumu au palipovimba. Mkono wa mama huhisi joto hilo kabla ya jicho kuona chochote. Mafuta na losheni zisipakwe chini ya breisi, kwa kuwa hulainisha ngozi na kuifanya ichubuke upesi. Fulana ya pamba isiyo na mishono ya kukwaruza, inayobadilishwa kila inapolowa jasho, ni muhimu Mombasa au Muscat kuliko ilivyo Leeds.

Kuna dalili ambazo breisi haiwezi kuzieleza, na ambazo hazipaswi kusubiri miadi ijayo. Miongoni mwake ni udhaifu wa mguu au mkono, kushindwa kuzuia mkojo au choo, ganzi katikati ya mapaja, kutohisi joto la maji au la chombo cha moto mkononi, maumivu ya kichwa yanayozidi mtu akikohoa, au maumivu ya mgongo yanayomwamsha usiku. Hizo huweza kuashiria tatizo ndani ya ugwe wa mgongo, kwa mfano uvimbe au maji yaliyojikusanya humo, na wakati mwingine tatizo hilo ndilo lililoupinda mgongo tangu mwanzo. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kipimo cha MRI, si kurekebishiwa plastiki. Na pale ambapo kifua kikuu bado kipo kwa wingi, homa, kukonda na mgongo uliotokeza nyuma kwa ghafla huelekeza kwenye maradhi mengine kabisa, yenye dawa zake.

Saa za siku

Mtoto wa darasa la nane anayeambiwa avae breisi saa 18 hubakiwa na saa sita. Humo mna kuoga, michezo, mazoezi ya viungo na kupumzisha ngozi. Michezo si anasa katika hesabu hii. Breisi hubeba sehemu ya kazi ya misuli ya kiwiliwili, na misuli isiyofanya kazi hudhoofu. Kuogelea, kucheza mpira wa pete, hata kuruka kamba huipa misuli, miguu na sikio la ndani mazoezi ambayo hakuna plastiki inayoweza kuyatoa. Mazoezi maalumu ya skoliosisi, ambayo chimbuko lake ni kazi iliyoanzishwa na Katharina Schroth nchini Ujerumani katika miaka ya 1920, humfundisha mgonjwa kuutambua mkao wake kwa kioo kwanza, kisha bila kioo.

Familia za Kiislamu hukumbana na suala ambalo vitabu hivyo vya maelekezo havilitaji: kurukuu na kusujudu ndani ya breisi ni kazi ngumu. Sala tano kwa siku, breisi ikivuliwa dakika chache kila mara, hazifikii saa moja na nusu, na zinaingia bila taabu katika zile saa sita. Mtoto anayejua hivyo tangu siku ya kwanza halazimiki kuchagua kati ya sala na mgongo.

Breisi haivaliwi kwa saa zote tangu siku ya kwanza. Kwa kawaida huanza kwa saa chache, zikaongezwa kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, ili ngozi na ubongo vipate kuizoea. Mtoto anayelazimishwa saa zote usiku wa kwanza huamka na malengelenge, na kuanzia hapo huwa ni vita.

Kwa wanaoishi Uingereza, ni vyema kujua kwamba shule za huko hazifanyi uchunguzi wa jumla wa migongo ya wanafunzi, ilhali Hong Kong hufanya, na katika Marekani hutegemea jimbo. Mzazi asisubiri barua kutoka shuleni. Mtoto wa miaka 10 hadi 14 anaweza kuangaliwa nyumbani kwa kuinama mbele, mgongo ukiwa wazi, hasa kama dada yake au mama yake aliwahi kuwa na mgongo uliopinda, kwa maana hali hii hutembea katika koo.

Afrika Mashariki kuna uhaba wa mafundi wa vifaa hivi kuliko uhaba wa plastiki. Chuo cha TATCOT mjini Moshi, kilicho jirani na hospitali ya KCMC, kimekuwa kikiwafunza mafundi wa viungo bandia na vifaa tegemezi tangu mwaka 1981, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Breisi iliyotengenezwa vizuri haiishii siku ya kukabidhiwa. Mtoto hurefuka, nyonga hupanuka, na kile kilichomkaa sawasawa Januari kinaweza kumbana mshipa wa paja ifikapo Agosti. Ndiyo maana wataalamu hutaka kumwona kila baada ya miezi michache, na swali la kwanza katika miadi hiyo linapaswa kuwa wapi anahisi ganzi, kabla ya nyuzi ngapi zimepungua.

Kuachishwa breisi huanza pale eksirei ya mfupa wa nyonga inapoonyesha kuwa kukua kunakaribia kwisha. Kwa wasichana wengi hiyo ni takriban miaka miwili baada ya hedhi ya kwanza. Baadhi ya madaktari huipunguza hatua kwa hatua, kwanza ikaachwa mchana na kuvaliwa usiku pekee. Katika wiki hizo baadhi ya vijana husema kuwa wanajihisi kama hawana ukuta wa kuegemea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo huwapa kazi ya kusimama kwa mguu mmoja, macho wazi kwanza, mtu mzima akiwa amesimama karibu yao, na eksirei hupigwa tena baada ya miezi kadhaa kuona kama mgongo umebaki mahali pake.